WAKIBISHA HODI CHUONI, UTAJIBU NINI?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na kila anayeifuata njia yao mpaka siku ya mwisho. Amma baad.

Ndugu msomaji, maneno haya niliyasema kwa mara ya kwanza baada ya futari, mbele ya wanafunzi wenzangu wa chuo kikuu. Nimeombwa niyaandike ili yawafikie na wale ambao hawakuwepo, na wazazi pia. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwenye kutoa nasaha akijificha nyuma ya makosa ya wenzake, nasaha yake haina baraka.

Nilikuwa mwaka wa pili, katibu wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Alasiri moja, tumemaliza kuswali, tunakunja mikeka, wakaingia wanaume wawili waliovaa mashati ya kawaida. Viatu wamevivua mlangoni kwa adabu kabisa. Wakatoa salamu, wakauliza, "Kiongozi hapa ni nani?" Mwenyekiti alikuwa darasani, kwa hivyo nikabaki mimi. Wakasema wanatoka afisi ya serikali, wanataka tu kujua wanachama wetu ni akina nani. Hawakuonyesha kitambulisho. Na mimi sikuuliza. Mmoja wao aliniita "kijana wangu", sauti ya upole, na mimi miguu inatetemeka chini ya kanzu.

Nilikwenda kabatini nikatoa daftari. Lilikuwa na majina zaidi ya mia moja, nambari za simu, kozi, nambari za vyumba vya hosteli, na mji anaotoka kila mtu. Akalipiga picha kwa simu yake, ukurasa baada ya ukurasa. Wallahi, mimi ndiye niliyemshikia lile daftari ili kurasa zisijikunje.

Hakuna aliyekamatwa, alhamdulillah. Lakini wiki iliyofuata watu watatu walipigiwa simu. Mmoja alikuwa dada wa mwaka wa kwanza. Aliulizwa kakake anafanya nini Saudia. Kakake ni dereva Jeddah, anamlipia karo. Mamake aliposikia alimwambia, "Mwanangu, futa jina lako huko." Safu zetu nne za Adhuhuri zikawa mbili. Dada yule alinijia, akasimama mbali kidogo, akaniuliza neno moja tu: "Kaka, jina langu nilikupa la nini?"

Jina lake alinipa la futari. Lile daftari lilikuwa la kuhesabu sahani.

Ndugu zangu, siwaelezei kisa hiki ili muwachukie wale watu wawili. Wao waliomba, mimi ndiye niliyetoa. Swali langu kwenu ni hili: wakija tena, na watakuja, sisi tutasimama vipi? Ziko njia mbili mbovu. Ya kwanza ni woga kama wangu, unatoa kila kitu mpaka amana za watu. Ya pili ni ujuba, unawatukana maafisa na kuwafungia mlango ili wenzako wakuone shujaa. Njia ya Muislamu iko katikati, na ina elimu ndani yake.

TUSIANZE KWA KUDHANI ASKARI NI ADUI

Kwanza tuwe wakweli. Polisi hawaji vyuoni bila historia. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi kama mimi na wewe. Walikuwa vijana waliolala hosteli, wengine wameamka kusali sala yao ya asubuhi. Wauaji waliwatenga wenzetu Wakristo wakawaua, na wakayafanya hayo kwa jina la dini yetu. Mmoja wa wauaji hao alikuwa amehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Babake alikuwa chifu Mandera, na alikuwa amekwisha kuwaarifu wakubwa kwamba mwanawe ametoweka.

Mfikirie mzee yule. Ni baba, ni Muislamu, na alikwenda mwenyewe kuripoti. Hatuwezi kukaa msikitini tukasema mambo ya usalama si yetu. Desemba ya mwaka huo huo, basi lilivamiwa Mandera, na abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016. Hao ndio mfano wetu.

Kwa hivyo ukijua kwa yakini kwamba mtu anapanga kuua, kusema ni wajibu. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa. Lakini sikiliza vizuri: ushahidi ni wa unachokijua. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na aya ya 12 inatukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Kusema "fulani amefuga ndevu siku hizi, fulani haendi sinema tena" huo si ushahidi, ni kumtia mwenzako mashakani. Kumbuka tuko katika mwezi ambao Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba asiyeacha maneno ya uongo, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji.

HODI NI KATIKA DINI

Sisi watu wa pwani tuna neno "hodi", na anayebisha hujibiwa "karibu" au haambiwi kitu. Suratun Nur, aya ya 27 na 28, inafundisha adabu hiyo hiyo: tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi basi turudi.

Wanazuoni husimulia kisa cha Sayyidna Umar (R.A.), aliyekuwa kiongozi wa dola nzima. Usiku mmoja alisikia sauti katika nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamwambia: mimi nimeasi mara moja, wewe umeasi mara tatu. Umepeleleza, hukupitia mlangoni, na hukuomba ruhusa. Inasimuliwa kwamba Umar alimwacha, akatoka. Hebu fikiri, mwenye makosa anamkumbusha Amirul Muuminin sheria, na Amirul Muuminin anasikia! Kumuuliza afisa kwa heshima, "Una kibali?", si utovu wa adabu. Ni adabu yenyewe.

Na Nabii Yusuf (A.S.), alipoitwa atoke gerezani, hakukimbilia mlango. Alimrudisha mjumbe kwa mfalme, kesi yake ichunguzwe kwanza na ukweli ujulikane. Soma Surat Yusuf, aya ya 50. Ametulia, hatukani, wala haombi huruma. Anataka haki ipitie njia yake.

SI KWETU PEKE YETU

Mwaka 2011 shirika la habari la Associated Press lilifichua kwamba polisi wa jiji la New York, Marekani, walikuwa wakizichunguza jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu katika vyuo vingi, hata vilivyo nje ya jiji lao. Mwaka 2008 afisa aliyejificha alikwenda safari ya mtoni pamoja na wanafunzi wa City College, na katika ripoti yake akaandika kwamba wanafunzi wale waliswali angalau mara nne kwa siku. Yaani swala imekuwa habari ya upelelezi! Mwaka 2012 mkubwa mmoja wa polisi hao alikiri kwa kiapo kwamba kitengo kilichochora ramani ya mitaa na maduka ya Waislamu hakikuzalisha hata fununu moja ya kuanzishia uchunguzi wa ugaidi kwa muda wote wa miaka sita aliyoizungumzia. Kitengo kikavunjwa mwaka 2014.

Wanafunzi walifanya nini? Hawakurusha mawe. Jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu wa Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, ziliungana na wengine kwenda mahakamani. Walishindwa mara ya kwanza, wakakata rufaa, wakashinda rufaa mwaka 2015, na mwaka 2018 kukawa na mapatano. Polisi wakakubali kutowachunguza watu kwa sababu ya dini yao. Miaka sita ya subira na makaratasi.

Hapa kwetu tunakumbuka Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao kutoka Eastleigh, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Katika msukosuko kama ule, ni afadhali uwe na mtu nje anayejua uliko na la kufanya. Ndiyo maana nasema elimu hii ni ngao.

SHERIA YETU INASEMAJE

Katiba ya Kenya ya 2010 si kitabu cha mawakili peke yao. Kipengele cha 31 kinalinda faragha yako: mwili wako, makao yako, mali yako na mawasiliano yako visipekuliwe ovyo, wala habari za familia yako zisidaiwe pasipo haja. Cha 32 kinalinda ibada yako. Cha 27 kinakataza ubaguzi kwa ajili ya dini au mavazi.

Kipengele cha 49 ndicho cha kuhifadhi kama unavyohifadhi sura fupi. Ukikamatwa una haki ya kuelezwa mara moja sababu yake kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Usilazimishwe kukiri. Na ufikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, basi ni siku ya mahakama inayofuata. Katika kesi za ugaidi polisi wanaweza kuomba wapewe siku zaidi, lakini anayeamua ni mahakama.

Je, wakitaka kupekua chumba chako cha hosteli? Kwa kawaida wanahitaji kibali cha mahakama, na kibali hicho hutumiwa baina ya kuchomoza na kuzama kwa jua isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaruhusu kuingia bila kibali ikiwa kuna sababu ya haki ya kuamini kwamba kuna kitu kinachohusu kosa, na kungoja kibali kutaharibu uchunguzi. Hata hapo, ukiuliza, afisa anapaswa kukuonyesha cheti chake cha kazi. Na dada zangu, likumbukeni hili: mwanamke hupekuliwa na mwanamke, tena kwa kuchunga heshima. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai imelisema waziwazi.

Na lile daftari langu? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeiweka imani ya mtu katika data nyeti. Orodha ya jumuiya ya dini ni orodha ya imani za watu. Sheria hiyo ina nafasi yake kwa mambo ya usalama wa taifa, sikatai. Lakini nafasi hiyo haimlazimishi katibu mwoga kufungua kabati kwa mtu asiyejitambulisha.

SASA TUFANYEJE?

Moja, tulia na uwe mpole. Usikimbie, usisukumane, usitukane. Mikono yako ionekane. Hasira hasara, na polisi akishakushtaki kwa kumshambulia, lile suala la haki yako limezama.

Mbili, uliza. "Afande, karibu. Naomba kuona kitambulisho chako. Unatoka kituo gani? Je, nimekamatwa au niko huru kwenda?" Andika jina, nambari, saa na mahali. Kuuliza si ujinga.

Tatu, waelekeze kwa wenye mamlaka. Chuo kina mlinzi, kina msimamizi wa wanafunzi, kina afisi ya sheria. Sema, "Mimi ni mwanafunzi tu, orodha na rekodi tafadhali ziombwe kwa barua kupitia afisi ya chuo." Hapo hujakataa, umeonyesha njia. Kisha wewe mwenyewe uwaarifu wakubwa wa chuo siku hiyo hiyo.

Nne, usiseme uongo. Kumpa mtumishi wa serikali habari za uongo ni kosa la jinai, na kwa Mola wako ni dhambi. Kunyamaza kunaruhusiwa, kudanganya hakuruhusiwi. Sema, "Nitajibu nikiwa na wakili wangu," kisha ufunge mdomo. Wengi huanza vizuri, halafu wakipewa soda wanamwaga hadithi ya miaka mitatu.

Tano, wakiingia kwa nguvu usiwazuie kwa mwili wako. Sema tu, "Sijakubali upekuzi huu," mara moja, kwa sauti ya kawaida. Watazame wenzako wawe mashahidi. Orodhesha kilichochukuliwa. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma au usiyoielewa.

Sita, mwenzako akichukuliwa, asiende peke yake. Mmoja apige simu kwa mzazi wake, mwingine aarifu chuo, wawili wafuate mpaka kituoni waulize jina lake limeandikwa katika OB na chini ya nambari gani. Wakiambiwa hayupo, waende kituo cha pili, na wakili ajulishwe. Mtu anayeulizwa si rahisi kupotea.

Saba, ukionewa, lalamika kwa njia yake. Iko Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Iko Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Kwa asiye na fedha za wakili, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria chini ya sheria ya 2016. Pwani kuna MUHURI na Haki Africa. Nendeni na tarehe, majina na majeraha yaliyoandikwa na daktari. Uvumi hausikilizwi popote.

KWA VIONGOZI WA JUMUIYA

Sisi tuliopewa uongozi, tupunguze tunachokusanya. Futari inahitaji hesabu ya sahani, haihitaji nambari ya chumba wala mji wa mtu. Siku hizi jumuiya yetu ina daftari la idadi tu. Mihadhara yetu iwe wazi, mlango usifungwe, ratiba ibandikwe ubaoni, na chuo kijue mhadhiri ni nani. Asiye na la kuficha hana haja ya giza.

Na akija mtu akakuita faragha, akaanza kukuchochea kwa video za damu, akakukataza kumwambia mzazi wala ustadhi, mkatae hadharani na uwaeleze wazee na wenye mamlaka. Pengine ni muuaji kweli, pengine ametumwa akutege. Huna haja ya kujua ni yupi. Jibu ni moja.

KWA WAZAZI WETU

Mamangu, babangu, tunajua mnavyolala na simu mkononi. Lakini mkituambia "futa jina, kaa chumbani, usionekane msikitini", mnatupeleka pale pale mnapopaogopa. Kijana aliyetengwa na jamaa ndiye anayewindwa. Tuulizeni tunasoma na nani, tunamsikiliza sheikh gani. Wekeni nambari ya wakili kabla ya shida. Na mtoto akitoweka, ripotini siku hiyo hiyo na mchukue nambari ya OB. Yule chifu wa Mandera naye aliripoti. Haya ya watu isiwashinde.

MWISHO

Miezi michache baadaye wale wawili walirudi, au wenzao, siwezi kuapa. Safari hii niliwakaribisha, nikawapa viti, nikaomba vitambulisho. Mmoja alicheka, mwingine akatoa chake. Nikaandika. Nikawaambia orodha iombwe kwa barua kupitia afisi ya chuo, na nikawasindikiza mpaka mlango wa afisi hiyo. Moyo ulikuwa unadunda vile vile, sitawadanganya. Barua hatujaiona mpaka leo.

Nilimtafuta yule dada nikamwomba msamaha. Alinyamaza, kisha akasema, "Allah akusamehe, kaka." Hakusema yeye amenisamehe, na sikumlazimisha. Anaswali nasi tena, safu ya nyuma, lakini jina lake hajaliandika popote. Hiyo ndiyo deni niliyobaki nayo, na ndiyo sababu nimesimama mbele yenu.

Saumu inatufundisha kuzuia mkono hata pale hakuna mtu anayeona. Basi tuzuie na midomo yetu, na tuzuie amana za wenzetu zisitoke mikononi mwetu kwa woga.

Ewe Mola, wahifadhi wanafunzi wote wa nchi hii, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Warehemu waliouawa Garissa, wape subira wazazi wao. Wafungue walioshikwa kwa dhuluma, na wape maafisa wetu uadilifu na huruma. Tutakabalie saumu na visimamo vyetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.